Ukuta wa Bafu la Mkaguzi

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi Fundi aliweka kidole gumba kwenye ukuta wa bafu la Mkaguzi, na kidole kikaingia. Hakutumia nguvu. Kiliingia mpaka fundo la kwanza kama kwenye ndizi iliyoiva kupita kiasi, na alipokitoa, lile tundu likajaa maji taratibu. Mke wa Mkaguzi alikuwa mlangoni na taulo begani. Alilitazama tundu, akamtazama Fundi.

"Una muda gani ukuta huu?" Fundi aliuliza.

"Miezi kumi na moja. Tangu tuhamie."

"Na aliyeupiga lipu?"

"Alirudi mara tatu. Ya nne hakupokea simu."

Fundi alichukua nyundo yake ndogo, akagonga, akabandua kipande cha lipu kikubwa kama sahani. Kilikuwa saruji tupu. Nyuma yake udongo ulikuwa uji.

"Hakukosea kwa ubaya," alisema. "Alidhani anausaidia. Lakini saruji juu ya udongo ni sawa na kumvisha mtu koti la mpira wakati wa joto. Mvua haimpati, ila analoa jasho lake mwenyewe."

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Katika mji ule kulikuwa na fundi magari, fundi simu, fundi viatu na fundi cherehani, kila mmoja na neno lake la nyongeza, lakini mtu akisema Fundi tu, alikuwa anamsema yeye. Kazi yake ilikuwa kuta za udongo, hasa za mabafu, mahali ambapo wengi walisema udongo hauwezi kukaa. Alikuwa ameshatengeneza mabafu arobaini na moja, na hakuna hata moja lililorudi kulowa. Kauli yake ilikuwa moja: udongo haugombani na maji, unagombana na maji yanayokaa. Akishaushika ukuta hakuuachia, hata kama mwenye nyumba mwenyewe ameshaukatia tamaa.

Kazi hii ilimchukua siku mbili kuikubali. Nyumba ya Mkaguzi ilikuwa ukingoni mwa kilima, kuta zake za udongo zikiwa nene kiasi cha kumeza mkono mpaka kiwiko, na bafu lilikuwa kwenye kona ya chini kabisa, upande wa bondeni. Nyuma ya kona hiyo kulikuwa na tuta la maua, kisha uzio, kisha mteremko, kisha nyumba za chini, ambako dada yake Fundi aliishi. Zamani kijito kilipita pale. Muda mfupi kabla ya kustaafu, Mkaguzi, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua vyanzo vya maji, alipata karatasi yenye mihuri miwili iliyosema kwamba kijito kinaanzia ndani ya mipaka ya kiwanja chake. Akakigeuza, akachimba bwawa, akaweka samaki ambao hakuna aliyewahi kuwala. Watu wa nyumba za chini wakaanza kutembea dakika hamsini kwenda kuchota kwenye bomba lililo karibu na tanuri la matofali. Dada yake Fundi alikuwa ameandika barua sita kwenye ofisi ya maji. Mbili zilijibiwa, na majibu yote mawili yalisema barua yako imepokelewa.

Fundi aliyajua hayo. Alikuja kwa sababu ukuta unaooza ulimkera kama mtoto anayelia nyumba ya jirani, na kwa sababu, kama alivyomwambia dada yake, ukuta haukuandika ile karatasi.

"Nenda, mdogo wangu," dada alimjibu. "Kazi ni kazi."

Wiki ya kwanza Fundi alibandua saruji yote. Aliuchokonoa udongo uliooza mpaka akafika penye udongo mzima, akauacha upumue. Alifungua vidirisha viwili chini ya paa ili mvuke upate pa kwenda. Alivunja sakafu, akaimwaga upya ikiwa na mteremko, hata punje ya dengu ukiiweka kizingitini iwe inabingirika yenyewe mpaka kwenye tundu la maji machafu. Chini ya kila ukuta alipanga mawe mpaka usawa wa goti. Kisha akaanza kujaza udongo mpya, uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, akitandika tabaka juu ya tabaka. Kwa kuwa watu wa nyumba ile walihitaji kuoga, kila jioni alifunika kuta kwa turubai kabla hajaondoka.

Kila asubuhi alikuta kuta tatu kavu na ule wa nne, wa upande wa bondeni, umelowa. Turubai lililoufunika lilikuwa kavu. Maji yalikuwa nyuma ya turubai.

Alipanda juu ya paa, hakuona ufa. Alifukua kando ya msingi, akakuta vumbi. Alifunga bomba kuu kwa siku nzima, akawaambia waoge kwa ndoo, na asubuhi ukuta ulikuwa umelowa vilevile. Alikaa juu ya ndoo yake iliyogeuzwa, akashika tama. Halafu akamwita mke wa Mkaguzi.

"Leo asubuhi oga wewe peke yako. Usimruhusu mtu mwingine aingie."

Mke wa Mkaguzi akaoga. Ukuta ukabaki mkavu.

"Sasa aingie mzee."

Mkaguzi akaingia, akafunga mlango, akatoka baada ya robo saa. Ukuta ulikuwa unachuruzika. Nywele zake chache zilikuwa kavu, na taulo lilikuwa bado limekunjwa.

Fundi alimsubiri aende zake. "Mama," alimwambia mkewe, "mzee analoa?"

Mke wa Mkaguzi aliangalia pembeni kidogo, kama mtu aliyeulizwa habari za mtoto asiyefanya vizuri shuleni.

"Haloi," alisema. "Tangu tuhamie hapa. Maji hayamtaki."

"Na sabuni?"

"Inabaki unga. Jumamosi namsugua kwa kitambaa kikavu na mafuta."

"Anakunywa nini?"

"Chai. Chai haina neno naye. Labda kwa sababu ya sukari."

Aliongeza kwamba siku moja Mkaguzi aliingia kwenye bwawa lake kumtoa samaki aliyenaswa kwenye majani. Maji yalijitenga pande mbili, samaki wote wakalala ubavu kwenye tope, na ilibidi atoke upesi ili wasife. Tangu hapo alikagua bwawa akiwa amesimama kando.

Fundi alitaka kuona kwa macho yake. Mkaguzi hakukataa. Alikuwa amefanya ukaguzi kwa miaka thelathini na mmoja, na aliamini kwamba ukaguzi ni ukaguzi, hata unapokuwa wa kwako. Aliingia bafuni amevaa kaptula na miwani, mkewe akasimama kando, Fundi akakaa kizingitini na daftari lake. Mkaguzi akachota jagi, akajimwagia kichwani. Maji yalishuka mpaka yakabakiza upana wa kidole kuufikia upara wake, yakaacha kushuka, yakageuka, yakakatiza chumba kwa pamoja kama kundi la mbuzi linalojua zizi lake, yakapita juu ya tundu la maji machafu bila kudondosha hata tone, yakaingia ukutani. Akajimwagia jagi la pili. Likafuata la kwanza.

"Ngozi yangu ni kavu kidogo," Mkaguzi alisema.

Fundi alipima kwa futi yake mahali maji yalipoingilia. Sentimita arobaini na saba kutoka sakafuni, palepale kila mara. Akaandika. Kesho yake alileta dumu la maji kutoka kwake, ng'ambo ya mji, akidhani labda ni maji ya bwawa tu yenye kinyongo. Nayo yakaenda ukutani, kana kwamba yameshaambiwa.

Watu wengine husema maji yamewafika shingoni. Mkaguzi hayakuwahi kumfika hata kisigino. Lakini kwa Fundi hilo lilikuwa jambo la Mkaguzi na maji yake. Jambo lake yeye lilikuwa ukuta. Maji yenye tabia mbaya bado ni maji, alijiambia, na hakuna maji yanayopenya chokaa iliyopigwa kwa sabuni na mkono usio na haraka.

Ile kazi aliifanya kama mtu anayesuka nywele za bibi harusi. Aliloweka chokaa kwa wiki tatu. Aliipaka mara ya kwanza, ya mchanga, ikashika udongo vizuri. Akaipaka ya pili, laini. Ilipoanza kukaza alichukua jiwe la mtoni lililokuwa la marehemu baba yake, jeusi, laini kama sikio, akasugua ukuta kwa vijiduara vidogo kutoka juu hadi chini, siku nne mfululizo, mpaka bega likawa linalia usiku. Kisha akayeyusha sabuni ya mche kwenye maji ya moto, akaipaka, akasugua tena. Sabuni ilikutana na chokaa zikawa kitu kimoja, na ukuta ukang'aa kama ganda la yai. Ungeweza kuuona mwanga wa dirisha ndani yake. Muda wote huo Mkaguzi alioga uani nyuma ya turubai, na maji yake yalishuka mteremkoni yakaenda zake, na hakuna aliyeyafuata.

Chokaa ilipokomaa, Fundi alimruhusu Mkaguzi arudi bafuni. Alisimama mlangoni akatazama. Jagi la kwanza liligeuka, likakatiza chumba, likafika ukutani, na halikuingia.

Lilisimama. Maji yalisimama mbele ya ukuta, wima, unene wa gunia, kama mgeni aliyebisha hodi na hajajibiwa. Hayakumwagika sakafuni wala kwenda kwenye tundu. La pili likaja likasimama nyuma ya la kwanza. Fundi alipitisha mkono ukutani, kati ya maji na chokaa. Mkono ulitoka mkavu.

"Haulowi," alimwambia Mkaguzi.

"Nimeona," Mkaguzi alisema. Alivaa shati lake, akamshukuru, akaingia ndani kunywa chai.

Yale maji hayakuondoka. Siku ya pili yalifika kiunoni, siku ya tatu kifuani, na mke wa Mkaguzi akawa anaoga kwenye kona iliyobaki, akiyapa mgongo. Fundi aliurudia ukuta kila asubuhi. Ulikuwa mkavu kama biskuti, lakini siku ya tatu alipoweka uzi wenye jiwe kuupima, aliona umeanza kutoa tumbo kuelekea nje. Ukuta ulikuwa unasukumwa.

Alikuwa bado ameshika ule uzi simu yake ilipolia. Alikuwa dada yake.

"Mkaguzi ni mzima?" dada aliuliza.

"Mzima. Nimemwacha anasoma gazeti. Kwa nini?"

"Leo siku ya tatu haogi."

Fundi aliuachia uzi. "Anaoga," alisema. "Umejuaje wewe habari za kuoga kwake?"

"Njoo uone."

Fundi aliteremka kwa miguu. Alipita kwenye tuta la maua, akainama chini ya uzio, akafuata mteremko, na hapo ndipo alipoona njia ambayo hajawahi kuitazama: mfereji mwembamba, wenye unyevu wa siku tatu zilizopita, uliokuwa umepita katikati ya maua bila kulowesha hata moja, ukaenda kuingia kwenye mkondo wa zamani wa kijito. Mwisho wa mfereji palikuwa na jiwe bapa, na juu ya jiwe ndoo saba zimepangwa foleni, kila moja na alama ya mwenyewe. Zote zilikuwa tupu. Dada yake alikuwa amekaa kando yake, amevua viatu.

"Asubuhi anatupatia ndoo moja na jioni moja," dada alisema. "Ndoo moja ya kwake inafika hapa imekuwa tatu. Safi, wala haina sabuni. Tunagawana, ya watoto kunywa na ya kupikia. Ya kufulia bado tunaifuata tanurini."

"Tangu lini?"

"Tangu ahamie."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Uliniambia ukuta haukuandika karatasi, nikasema sawa, ni kweli." Dada alizitazama ndoo. "Kwa hiyo sasa haulowi?"

"Haulowi."

"Hongera," dada alisema, na alisema kwa moyo mweupe, kwa kuwa alijua kazi nzuri ina taabu gani.

Katika miaka yake yote ya ufundi, Fundi hakuwahi kuambiwa neno lililomuuma kama lile. Alikaa juu ya jiwe karibu na dada yake. Hakulia, hakuwa mtu wa hivyo. Alihesabu tu: sentimita arobaini na saba kutoka sakafuni, mteremko wa ardhi, mahali mkondo wa zamani ulipokuwa ukipita. Bafu lilikuwa limejengwa juu ya kijito. Maji hufuata mkondo, kila mtu anajua hivyo, hata asiyejua kuhesabu. Yalikuwa hayaugombezi ukuta hata kidogo. Yalikuwa yanakwenda nyumbani, na ukuta ulikuwa umesimama njiani.

"Nipe siku mbili," alimwambia dada yake.

Alipanda tena. Mkaguzi alikuwa barazani na gazeti lake. Fundi alisimama mbele yake, akavua kilemba cha kazi, akakishika mkononi.

"Mkaguzi, shikamoo. Nina maneno mawili."

"Marahaba. Sema."

"Ukuta wako utaanguka. Haulowi, lakini utaanguka mkavu. Yale maji yanataka kupita, na mimi nimeyazuia vizuri kuliko nilivyowahi kuzuia kitu. Zipo njia mbili. Ya kwanza, kifungue kijito. Kikirudi kwenye njia yake, nadhani maji yatakuwa hayana ugomvi na wewe tena. Utaoga uloe kama watu wote."

Mkaguzi alikunja gazeti. Aliingia ndani, akatoka na bahasha ya plastiki, na ndani ya bahasha mlikuwa na ile karatasi. Aliiweka juu ya meza, akaigeuza ili Fundi aweze kuisoma.

"Mihuri miwili," alisema.

"Naiona."

"Mimi nimekataa watu wengi katika kazi yangu kwa kukosa muhuri mmoja. Mmoja tu. Sitaki uniambie leo kwamba mihuri miwili si kitu kwa sababu mtu fulani amekauka ngozi."

"Sikusema si kitu. Nimesema maji hayajaisoma."

Mkewe, aliyekuwa akichambua mboga kwenye ngazi, aliinua macho. "Mzee," alisema, "kidogo tu. Hata nusu ya kijito."

"Na njia ya pili?" Mkaguzi alimuuliza Fundi.

Fundi alikuwa ametegemea asiiulize.

"Ya pili natoboa tundu."

"Toboa," Mkaguzi alisema, na akalifungua gazeti.

Alitoboa siku ile ile. Ukuta uliokuwa umemla wiki saba aliupasua mwenyewe kwa patasi, sentimita arobaini na saba kutoka sakafuni, na hakumwachia mtu mwingine ashike nyundo. Alitafuta bomba la udongo wa kuchoma, pana kama tumbo la chungu, akaliweka liinamie nje kidogo. Pembeni yake alijaza mawe, na pembeni ya mawe chokaa, na juu ya chokaa sabuni, akasugua pale pote kwa jiwe lake mpaka mahali bomba lilipokutana na ukuta pasionekane kwa macho wala kuhisika kwa ukucha. Mdomo wa nje aliutokeza hatua nzima, ili hata tone lisirudi nyuma kulamba ukuta. Alifanya kazi ile kwa uangalifu uleule aliofanyia ile ya kwanza, hata zaidi, kwa kuwa safari hii alijua anaifanya kwa ajili ya nani. Maji yaliyosimama bafuni yalimngoja. Alipolitoa gunia alilokuwa ameliziba nalo bomba, yalipita yote kwa mkupuo mmoja, bila kelele, na chumba kikabaki kitupu na kikavu. Ukuta ukarudisha tumbo lake ndani siku ileile, kama mtu aliyeshusha pumzi.

Ndoo saba zilijaa. Wakaleta nyingine tisa.

Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema. Watu wa chini waliyazoa kila siku. Na yaliongezeka, kwa sababu Mkaguzi naye alikuwa na kichwa kigumu. Sasa kwa kuwa ukuta hauharibiki tena, hakuona sababu ya kujinyima. Aliamini kwamba maji ni kama mwombaji ofisini: ukimkazia macho atachoka kabla yako. Akaanza kuoga mara tatu kwa siku, halafu nne. Alijaribu kujimwagia kwa ghafla. Alijaribu kuegemea ukuta wa upande mwingine. Alijaribu kumwagiwa na mkewe akiwa ameangalia kwingine. Ilipofika miezi miwili alikuwa anaoga mara tano kwa siku, kwa saa maalumu alizozibandika mlangoni, na hakuna tone lililomgusa.

Dada aliandika barua ya saba. Hakutaka maji ya kuoga ya mtu, aliandika, alitaka kijito. Safari hii ofisi ya maji ilimtuma afisa. Alikuwa kijana mwenye adabu. Aliliona jiwe bapa, akaonja maji, akahesabu ndoo, akatazama saa yake Mkaguzi alipooga saa sita, akaandika. Baada ya wiki mbili jibu lilikuja, refu kuliko yote yaliyotangulia. Lilisema kwamba kwa kuwa wakazi wa nyumba za chini sasa wanapata maji ya uhakika kutoka chanzo mbadala, malalamiko yao yamefungwa. Lilikuwa na mihuri miwili.

Dada alimsomea Fundi jibu hilo barazani kwake, polepole, mpaka mwisho. Kisha akamwomba kalamu.

"Unaandika nini?" Fundi aliuliza.

"Ya nane."

"Mimi ndiye niliyewapa ofisi hilo bomba la kuandikia."

"Wewe uliwapa watoto maji," dada alisema. "Walioandika ni wao wa ofisini. Nisomee hapa, 'mbadala' ina herufi gani mwanzoni, m-b au b peke yake?"

Katika msimu wa upepo Mkaguzi alipata homa. Daktari alimwambia alale na asioge mpaka ipoe. Siku ya kwanza watu wa chini walitumia akiba. Siku ya pili walirudi kwenye bomba la tanuri, dakika hamsini kwenda na zaidi ya hapo kurudi, kwa kuwa ndoo iliyojaa haina mwendo. Siku ya nne walikutana kwenye jiwe bapa, wakakubaliana. Siku ya tano asubuhi dada alipanda mteremko na majirani wawili, wamevaa nguo safi, wamebeba machungwa kwenye vikapu. Fundi alikuwa amekuja kukagua bomba lake, akaungana nao mlangoni.

Mkaguzi alikuwa sebuleni chini ya blanketi. Aliwatazama wakiingia mmoja mmoja, wakampa mkono, wakakaa.

"Tumesikia huna hali nzuri," dada alisema. "Tumekuja kukupa pole."

"Nimeshapoa," Mkaguzi alisema. Alikuwa ameguswa, na hakuwa na uzoefu wa kuguswa, kwa hiyo alivua miwani akaifuta. "Daktari amesema kuanzia leo naweza kuoga."

"Tumefurahi sana," jirani mmoja alisema, na hapakuwa na uongo ndani yake.

Mke wa Mkaguzi akaleta chai.

"Na kijito, Mkaguzi?" dada aliuliza.

"Hilo liko ofisini."

"Ofisini wanasema liko kwako."

"Basi litakuwa njiani," Mkaguzi alisema.

Dada alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeandika jibu mahali fulani. Alimaliza chai yake. Jikoni mke wa Mkaguzi alikuwa ameshaanza kumimina maji kwenye ndoo, na dada aliposikia mlio ule aliweka kikombe chini, akaaga kwa heshima zote, akawahi mlango yeye na wenzake. Dirishani walionekana wakiteremka kwa hatua ndefu, vikapu vitupu vikiwagonga mapajani.

Mkaguzi alisimama, akajifunga taulo la kiunoni, akamgeukia Fundi.

"Unaona, Fundi. Watu wanasema nimewadhulumu wale. Mtu aliyedhulumiwa haleti machungwa."

"Ukaoge, Mkaguzi," Fundi alisema. "Wanakungoja."

Akatoka nje, akazunguka nyumba, akasimama karibu na mdomo wa bomba. Kutoka pale alikuwa analiona bwawa lote, limejaa mpaka ukingoni, na samaki wanene wakigeukageuka bila kazi. Alisikia mlango wa bafu ukifungwa. Alisikia jagi likichota. Kisha maji yakatoka kwenye bomba, masafi, yakashika njia yao katikati ya maua makavu, na Fundi akaweka viganja viwili mdomoni, akaita kuelekea bondeni kwamba yanakuja. Kule chini zikaanza kusikika ndoo.